Sizoni za mashujaa si za watoto tu

Ukikaa kwenye kibanda cha video Arusha, hutakosa mtu mzima atakayesema, "Hizo sizoni za watu wanaopaa angani ni za watoto." Si kweli. Kauli hiyo inapima mavazi ya mhusika na kuiacha hadithi yenyewe.

Chukua Watchmen, sizoni ya mashujaa ya mwaka 2019 kutoka HBO, kituo cha televisheni cha Marekani. Inaanza na mauaji ya Tulsa, Marekani, ya mwaka 1921, Wazungu wenye silaha walipouvamia na kuuchoma Greenwood, mtaa wa Weusi uliokuwa umestawi kwa biashara. Mtoto mdogo anatoroshwa kwa gari, wazazi wake wanabaki kwenye moto. Tukio la Tulsa si la kubuni, na watazamaji wengi, hata Wamarekani, walilisikia hapo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 sizoni hiyo ilitwaa tuzo 11 za Emmy, tuzo kubwa za televisheni Marekani. Huwezi kumwekea mtoto wa miaka saba.

Zipo mbovu, tena nyingi: ngumi zilezile, hadithi inavutwa bure. Lakini zipimwe kama tunavyopima tamthilia za Kituruki: wahusika wanabadilika? Uamuzi wao una gharama?

Na usihukumu kwa kipindi kimoja. WandaVision ya 2021 inaanza kama vichekesho vya zamani, picha nyeusi na nyeupe. Aliyezima hapo hakufika kwenye kiini chake, majonzi ya mwanamke aliyefiwa na mpenzi wake na asiyekubali kwamba ameondoka.