Maji ya Bafuni Yanaishia Wapi?

Swali la kawaida kuhusu sabuni huanza na chupa: hii ya asili, ile ina kemikali? Mimi nauliza kwanza bomba la bafu linamwaga wapi. Hapa Mwanza nyumba nyingi za milimani hazijaungwa kwenye bomba la majitaka. Maji ya kuogea hushika mtaro, mtaro huingia Mto Mirongo, na Mirongo humwaga Ziwa Victoria hapohapo mjini. Ziwa lenyewe lina kina cha wastani wa mita 40 tu, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, si kwa kutoka na Mto Nile kule Jinja, Uganda. Mvuke haubebi fosforasi, kirutubisho kinachoingia na majitaka. Inabaki kulisha mwani.

Sabuni ya mche au ya chupa, ya mawese au ya kiwandani, kazi yake ni kung'oa mafuta. Ikifika majini ikiwa bado nzima hung'oa pia ute unaolinda matamvua ya samaki. Kwenye udongo wenye hewa, vijidudu huila. Kwa hiyo sabuni "ya asili" nayo si ya kuogea ufukweni. Chota maji, panda nayo juu, ukaogee kwenye udongo.

Nyumbani, chimba shimo la kunyonya maji. Pima ardhi kwanza: kitundu cha kina cha sentimita 30, jaza maji, udongo uyanywe yote, jaza tena, kisha weka rula. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo hapafai. Kipimo hicho peke yake hudanganya kwenye vilima vyetu vya mawe, kwa hiyo gongelea nondo chini. Ikigota kabla ya mita moja na nusu, maji yatateleza juu ya mwamba na kutokea uani kwa jirani wa bondeni. Hapo afadhali migomba: shimo pana la kina cha nusu mita, lijazwe majani makavu, migomba ipandwe kulizunguka.

Ardhi ikikubali, mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, mawe makubwa chini na kokoto juu. Kaa mita 30 kutoka kisimani. Maji yakichimbuka chini ya shimo, kama maeneo ya tambarare karibu na ziwa, acha, utachafua kisima. Watu watano wenye ndoo ya lita 20 kila mmoja ni lita 100 kwa siku, usilisahau hilo unapochagua ukubwa. Kinachoua mashimo haya ni nywele na mafuta ya mgando zaidi ya sabuni: vinaganda juu ya mawe na maji yanasimama. Weka kabla ya shimo ndoo iliyotobolewa chini, ijaze nyasi kavu, na uzibadilishe kila wiki.

Kuna vitu ambavyo udongo hauviwezi. Zebaki ya kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi haiozi. Ikifika ziwani, bakteria huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka dagaa hadi sangara, halafu hadi sahani yako. Mkorogo usionunuliwa ndio pekee usiochafua.

Plastiki nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, ulithibitisha plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano, sangara na sato vilevile. Kwenye skrabu soma lebo: maneno kama "polyethylene" na "polypropylene" ni plastiki. Dodoki la shambani linasugua vizuri zaidi, na likichakaa unalitupa kwenye mbolea. Rasta za dukani za kusukia nywele ni plastiki: saluni ifagie vipande kabla ya kumwaga maji, ivifunge mfukoni, isivichome, maana moshi wake ni sumu. Pedi zisiingie chooni. Gari la kunyonya majitaka likikutana nazo, bomba linaziba na fundi anaingiza mkono.