Ukibadili Ndege Johannesburg na Bunduki Sandukuni

Msimu wa uwindaji ukikaribia kule Kusini mwa Afrika, swali linalotufikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mimi napita tu Johannesburg, naenda Botswana. Kibali cha Afrika Kusini nakitakia nini?" Huulizwa na mawakala wa utalii wa Arusha, na wawindaji bingwa wetu wanaoalikwa kufanya kazi vitalu vya Kusini, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaokwenda kuwinda nyati kwa likizo. Ni swali zuri, lakini wengi huliuliza wakati tiketi imeshalipiwa.

Jibu lake linategemea sanduku la bunduki linashukia wapi. Abiria anaweza kuwa anapita tu huku bunduki yake, kwa macho ya sheria, imeshaingia nchini. Mzigo ukitolewa kwenye mfumo wa mizigo inayoendelea, ukapelekwa ukumbi wa wanaowasili, basi umeingiza silaha Afrika Kusini, hata kama unakusudia kukaa saa mbili. Na nchi ile ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000, Namba 60, ambayo inataka kibali kwa silaha inayoingizwa nchini.

Chukua mfano wa mtu anayetoka Dubai kwenda Maun, Botswana. Ameona nauli nafuu ya Dubai hadi Johannesburg, akaikata. Siku tatu baadaye akapata nauli nafuu ya Johannesburg hadi Maun kwa shirika jingine, akaikata nayo. Kwake hiyo ni safari moja, lakini kwa mashirika ni safari mbili zisizojuana. Pale Dubai mzigo wake utabandikwa tagi ya JNB, yaani Johannesburg, na hapo ndipo utakaposhuka. Mfukoni ana kibali cha polisi wa Botswana kilichokamilika, lakini hana karatasi hata moja ya Afrika Kusini. Polisi watafanya wanachopaswa kufanya: watalishikilia sanduku mpaka karatasi zitimie. Ndege ya Maun itaondoka, na akiipanda atafika kambini mikono mitupu.

Ndiyo maana tunawasihi watu waipangie njia bunduki kwanza, nauli ifuate baadaye. Tiketi iwe moja, yenye namba moja ya uhifadhi, kutoka nyumbani hadi uwanja wa mwisho. Ukiwa kaunta ya kukabidhi mizigo, usiondoke kabla ya kusoma tagi kwa macho yako. Herufi tatu kubwa ndizo zinazosema mzigo unakwenda wapi: MUB ni Maun, BBK ni Kasane, VFA ni Victoria Falls, WDH ni Windhoek, BUQ ni Bulawayo, LUN ni Lusaka. Ukiona JNB wakati wewe unakwenda Maun, mwambie mhudumu palepale. Hata tagi ikiwa sahihi, liulize shirika kwa maandishi kama linataka kibali cha kupitisha silaha Afrika Kusini kabla ya kulipokea sanduku. Jibu la simu halitakusaidia mbele ya mhudumu wa zamu nyingine.

Ukilala Johannesburg, au tiketi zikikulazimu kuuchukua mzigo na kuukabidhi upya, fomu inayokuhusu inaitwa SAPS 520. Ni fomu ya Jeshi la Polisi la Afrika Kusini, na fomu hiyohiyo hutumika kwa anayeingiza silaha kwa muda na kwa anayeipitisha tu. Tofauti ni sehemu utakayoijaza. Ijaze kwa wino mweusi. Usiisaini nyumbani. Saini huwekwa mbele ya askari, na fomu iliyosainiwa mapema ni sababu tosha ya kuambiwa uanze upya ukiwa umechoka na ndege ya usiku kucha.

Pamoja na fomu, andaa nakala ya pasipoti, tiketi inayoonyesha utaondoka lini, uthibitisho kwamba bunduki ni yako, barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wako wa uwindaji (yule anayekuandalia safari ya kuwinda), na barua yako mwenyewe inayoeleza kwa nini unahitaji silaha hizo. Anayepitisha tu aongeze kibali au mwaliko wa nchi anayokwenda. Mwombaji awe ametimiza miaka 21. Ombi unaweza kulituma mapema kwa Rejista Kuu ya Silaha iliyoko Pretoria, au ukalishughulikia ukifika. Polisi hawatozi ada kwa kibali hiki. Zipo kampuni zinazokuandalia karatasi na kukupokea uwanjani, na hizo hulipwa kwa kazi yao, lakini ujue unalipia huduma yao. Kibali chenyewe ni bure.

Uthibitisho wa umiliki una mitego yake. Mwenye bunduki Tanzania ana leseni yake ya umiliki, lakini leseni hiyo peke yake haimruhusu kuitoa bunduki nje ya nchi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kuingiza, kutoa na kupitisha, kwa hiyo anza na polisi wa nyumbani kabla ya kuwaza Johannesburg. Wakazi wa Umoja wa Ulaya wana Pasi ya Silaha ya Ulaya. Walioko Marekani hugongewa fomu ya forodha namba 4457 kabla ya kuondoka, na hapo kuna jambo dogo lililowatesa wengi. Juu ya fomu ile kuna tarehe ya mwisho iliyochapwa. Tarehe hiyo inahusu toleo la fomu lenyewe, si usajili wa bunduki ya mtu, lakini askari anayeiona mara ya kwanza hudhani karatasi imekwisha muda. Mwenye fomu hiyo apate toleo jipya lenye tarehe isiyopita, hata kama ya zamani ingali halali kwao.

Halafu namba ya bunduki. Askari atafungua sanduku, ataigeuza bunduki kwenye mwanga, ataisoma namba iliyopigwa chapa kwenye chuma, na kuilinganisha na kila karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Nimewahi kusimama kwenye uwanja mmoja wa kusini na mzee aliyekuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri. Kosa lilikuwa kwenye leseni yake tangu alipoinunua bunduki, miaka mingi nyuma, na hakuna aliyewahi kulitazama. Tulikaa pale mchana mzima. Kwa hiyo wiki kadhaa kabla ya safari, itoe bunduki, chukua tochi, soma namba mwenyewe, kisha linganisha. Kama ni bunduki ya mitutu ya kubadilisha, mfano wa Blaser R8, andika kila namba iliyopigwa chapa, ya mtutu na ya mwili. Bunduki zinazojipakia zenyewe ziache nyumbani, na bastola ya kujilindia vilevile.

Wageni wengi husubiri bunduki kwenye mkanda wa mizigo wa OR Tambo, uwanja wa ndege wa Johannesburg, na haiji. Masanduku ya silaha hupelekwa moja kwa moja kwenye ofisi ya polisi iliyoko upande wa wanaowasili. Chukua begi lako jingine, nenda ofisini, na usimkabidhi karatasi zako mtu yeyote anayekufuata njiani akidai atakuharakishia. Anayeunganisha safari ya ndani, labda kwenda Hoedspruit, Polokwane au Kimberley, humaliza kila kitu hapo Johannesburg kabla ya ndege ya pili. Mimi huwashauri wasipange chini ya saa nne kati ya ndege na ndege. Na kama ndege yako ya kwanza inatua jioni, lala, uendelee asubuhi.

Kwa upande wa mashirika ya ndege, lenye neno la mwisho ni lile linaloirusha ndege. Siku hizi unaweza kukata tiketi yenye namba ya shirika moja ukajikuta kwenye ndege ya shirika jingine kabisa. Ruhusa ya aliyekuuzia haimfungi anayekubeba. Safari ikiwa na mashirika mawili, pata ruhusa mbili, kila moja kwa maandishi, na kila moja itaje idadi ya bunduki, kaliba (ukubwa wa risasi inayotumia), namba na uzito wa risasi. Bunduki isiwe na risasi, iwe kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Risasi ziwe kwenye kisanduku chao, kimefungwa, ndani ya begi jingine linalokwenda chini ya ndege. Betri za akiba za darubini au za kifaa cha kupimia umbali, kama ni za lithiamu, ziende nawe kwenye mzigo wa mkononi, maana chini haziruhusiwi.

Kuhusu risasi, piga hesabu mapema. Afrika Kusini inaruhusu hadi risasi 200 kwa kila bunduki, na za kaliba ya bunduki hiyo tu. Mtu akisikia 200 hufurahi. Lakini kanuni za kimataifa za usafirishaji wa vitu vya hatari kwa ndege zinamruhusu abiria kilo 5 za risasi, uzito wa pakiti ukiwemo. Risasi moja ya kaliba ya .375 H&H yenye kichwa cha greini 300 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) ina zaidi ya gramu 40. Kilo 5 hazikupi hata risasi 120, na ukitoa uzito wa pakiti unabaki na mia moja na ushei. Kwa kaliba ndogo zaidi ya .30-06 utapata kama 170. Hizo zinatosha kabisa kwa wiki mbili porini. Tatizo huja pale rafiki mmoja anapombebea mwenzake: kilo 5 ni za kila abiria, na haziruhusiwi kuunganishwa kwenye kisanduku kimoja hata kama mnasafiri pamoja. Mhudumu akifungua kisanduku akakuta kilo 10 za tiketi mbili, atakitoa chote.

Vituo vya mbali zaidi navyo viangaliwe. Anayepitia Amsterdam anahitaji idhini ya Uholanzi kupitisha silaha, iliyoombwa kabla ya safari. Anayepanga kulala Nairobi akielekea Kilimanjaro akumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki ya kuwindia pale si jambo la kila siku kama ilivyo Windhoek, na lazima iwe na ruhusa ya Kenya kabla haijatua.

Nchi za mwisho wa safari nazo hazifanani. Namibia na Zimbabwe zimezoea kumwandikia mgeni kibali akifika, uwanjani, akiwa na karatasi zake. Botswana, iliyosimamisha uwindaji mwaka 2014 na kuufungua tena mwaka 2019, na Msumbiji hutaka kibali kitoke kabla, na kazi hiyo hufanywa na mwenyeji wako. Asipokutumia nakala usipande ndege. Wengine hukasirikia tofauti hizi wakiziona ni usumbufu. Mimi nazielewa. Mwaka 2001 nchi za SADC zilitia saini kule Blantyre itifaki ya kudhibiti silaha, kwa sababu ukanda huu ulikuwa umepitia vita vya miongo, Msumbiji na Namibia, na vya Angola vilikuwa bado havijaisha, na silaha zilikuwa zikivuka mipaka bila jina wala namba. Askari anayeisoma namba ya bunduki yako kwa tochi anaitekeleza itifaki hiyo.

Kuna kipande cha mwisho cha safari ambacho mawakala husahau kuwaambia wateja. Kutoka Maun au Kasane kwenda kambini mara nyingi ni ndege ndogo, Cessna 206 au Caravan, na rubani hataki sanduku gumu refu kama jeneza. Beba mfuko laini wa bunduki umeukunja ndani ya begi, na umuulize mwenyeji sanduku lenyewe litahifadhiwa wapi hadi urudi.

Na kama umesoma hadi hapa ukaona mzigo ni mzito, kodi bunduki ya mwenyeji. Nasema hivi nikijua mwindaji anavyoipenda bunduki aliyoizoea, kitako kinachomkaa begani, darubini aliyoipima mwenyewe. Lakini kwa safari ya siku tano yenye vituo vitatu vya kubadili ndege, bunduki ya kukodi iliyopigwa kwenye shabaha asubuhi ya kwanza ni uamuzi wa mtu mzima. Ya kwako ibebe pale njia ni fupi na karatasi zimetimia.

Wakati wa kurudi, karatasi zilezile hurudia njia. Kibali cha Afrika Kusini ulichopewa wakati wa kuja kikae nawe, kwa sababu kitaulizwa unapoondoka, na risasi zilizobaki zihesabiwe upya. Nyara hazirudi nawe kwenye begi. Ngozi na pembe zina safari yake, zina daktari wa mifugo wake na vibali vyake, na zitakufuata kwa mzigo miezi kadhaa baadaye.

Usiku wa mwisho kambini, kabla ya kufunga begi, geuza kila mfuko nje. Koti la kuwindia, suruali, begi la mgongoni, kibegi cha darubini ya mkononi, mfuko mdogo wa ndani ambako ulitumbukiza risasi mbili ukikimbilia nyati aliyejeruhiwa. Risasi moja, hata ganda tupu, ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi ndani ya mzigo wa mkononi, utatolewa kwenye foleni na kuhojiwa kama mtu aliyejaribu kuipitisha, na ndege haitakusubiri. Mwambie mfuatiliaji wako wa nyayo akusaidie kukagua. Yeye ndiye anayekumbuka uliziweka wapi.