Kujiuliza "nampenda kweli?" si ushahidi kwamba humpendi

Wengi husema: ukiwa na shaka na mwenzi wako, moyo umeshakwambia ukweli, ondoka. Kwa baadhi ya watu ushauri huo ni sumu. Ipo shaka ambayo ni dalili ya ugonjwa wa wasiwasi wa kujirudia, ule ule unaomfanya mtu atawadhe mara saba akiamini udhu haujatimia. Hapa ugonjwa huo umeng'ang'ania mapenzi tu.

Mtazame mke anayebusiwa na mumewe mlangoni. Badala ya kuwa pale, anajipima: nimesisimka? Mbona sijasikia kitu? Hisia haziji kwa kukaguliwa. Ukizimulika tochi zinajificha. Kitandani ndiyo balaa zaidi, maana mwili unaosimamiwa kama mtihani haulegei. Kisha ubaridi huo huo anaugeuza ushahidi. Jioni anamuuliza dada yake, anatulia nusu saa, shaka inarudi na njaa mpya.

Tiba ipo: mtaalamu wa saikolojia humfundisha kuiacha shaka ikae bila kuijibu, bila kujipima wala kuulizauliza watu, daktari anaweza kuongeza dawa. (Mume anayekupiga ni habari nyingine kabisa. Hofu hiyo isikilize.)