Gesi ya mtungi kwenye baiskeli ya injini: injini ikizima, gesi inakwenda wapi?

Wiki chache zilizopita kijana mmoja anayesambaza mikate Manzese na Tandale aliingia kwenye karakana yetu ya mafunzo akisukuma baiskeli. Ni baiskeli ya kawaida, amefunga ile injini ndogo ya cc 80 inayouzwa kwenye boksi, ya kuchanganya petroli na oili. Kwenye keria, nyuma ya kreti la mikate, alikuwa amefunga mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa vipande vya tyubu. Mpira wa jiko la gesi ulitoka kwenye mtungi, ukapita chini ya siti, ukaishia kwenye mdomo wa kabureta. Alikuwa ameona kwenye simu watu wa Marekani wakiendesha baiskeli kwa propeni, na yeye akajaribu. Injini iliwaka. Ilimfikisha Shekilango, alipopunguza mwendo kwenye taa ikakata, na tangu hapo ikagoma. Alitaka tumwonyeshe kosa liko wapi.

Makosa yalikuwa matatu, na lile lililomleta kwetu ndilo dogo kuliko yote. Naandika kwa sababu si yeye peke yake. Mitungi ya gesi sasa iko karibu kila nyumba jijini, injini za baiskeli zinapatikana, na mafundi wetu wana mikono myepesi. Wengine watajaribu.

Kwanza tutenganishe gesi mbili ambazo watu wa Dar huzichanganya. Ile inayojazwa kwenye bajaji na magari pale Ubungo ni gesi asilia, metheni, inayotoka Songo Songo na Mtwara kwa bomba. Inahifadhiwa ikiwa gesi iliyogandamizwa kufikia bar 200 hivi, kwenye mtungi mzito uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na ikivuja inapanda juu kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya jikoni ni kitu kingine kabisa. Ni mchanganyiko wa propeni na buteni, inaletwa na meli, na ndani ya mtungi ni kimiminika; ukiutikisa utakisikia. Ikivuja inashuka chini. Mtu akikuambia "mbona bajaji zinatumia gesi na hakuna shida", huenda anazungumzia ile nyingine.

Tukirudi kwenye propeni, ni nishati nzuri ya injini, hilo halina ubishi. Foklifti (mashine za kunyanyulia mizigo) nyingi duniani zinazofanya kazi ndani ya maghala zinatembea kwa gesi hii. Oktani yake inazidi 100, kwa hiyo inavumilia mgandamizo bila injini kugonga. Inaingia kwenye silinda ikiwa imeshakuwa mvuke, haina matone, plagi haishiki masizi upesi na oili ya injini inachelewa kuwa nyeusi. Inachodai ni kipimo. Ujazo mmoja wa propeni unahitaji karibu ujazo 24 wa hewa ili uungue vizuri, na injini inavuta hewa nyingi au kidogo kutegemea unavyokaza mkono. Mpira wa yule kijana ulikuwa unamwaga gesi ile ile wakati wote. Kwenye mwendo ilitosha. Alipoachia mkono kwenye taa, gesi ikazidi hewa, injini ikakabwa. Kosa la kwanza ni hilo.

Kosa la pili lilikuwa limeshaanza kula injini. Tulifungua kichwa cha silinda mbele yake. Pistoni ilikuwa na mistari ya michubuko upande wa eksozi, ukipitisha ukucha unakwama. Injini ya mipigo miwili (tustroku) haina sampu, yaani bakuli la oili chini yake. Oili yake ni ile unayoichanganya kwenye petroli, sehemu 1 kwa 20 au 25, na ndiyo inayopita chini kwenye bearingi za kranki na kupaka kuta za silinda kabla petroli haijapanda kuungua. Ukiondoa petroli ukaleta gesi, umeondoa na oili. Injini itaunguruma, tena kwa sauti safi inayodanganya, huku chuma kinasagana na chuma. Video nyingi haziligusi jambo hili kwa sababu wanaofanya kazi hii kwa umakini hutumia injini ya mipigo minne, yenye oili yake chini. Ukiwa na tustroku, gesi bila mfumo wa pembeni wa kudondosha oili ni kuiua injini kwa safari chache. Yake ilikuwa imebakiza chache.

Sasa la tatu, ambalo ndilo limenikalisha kuandika.

Nilimuuliza, "Injini ilipozima pale kwenye taa, ulifanya nini?" Akasema alipiga pedeli, ikakataa, akasukuma mpaka pembeni, akakaa kivulini dakika kama kumi. "Mtungi ulifunga?" Akanitazama. "Mwalimu, si injini imeshazima?"

Hapo ndipo penye hatari yote. Regyuleta ya jiko ina kazi moja, kushusha presha ya mtungi. Kwa joto letu la nyuzi 30, propeni tupu ndani ya mtungi ina presha inayokaribia bar 10, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Regyuleta inaishusha mpaka milibar 30 hivi, pumzi tu. Lakini haijui kama mbele yake pana moto au hapana. Jikoni wewe ndiye unayejua, kwa kuwa umesimama pale na mkono uko kwenye kitufe. Kwenye baiskeli, injini ikizima gesi inaendelea kutoka kupitia kabureta, inashuka juu ya injini na eksozi ya moto, inatambaa chini mpaka ikutane na cheche. Kwa dakika kumi pale Shekilango mtungi ulikuwa unapumua kando ya barabara, na kama kuna aliyekuwa anakaanga mihogo jirani, Mungu alimsitiri.

Mfumo wa foklifti unafanya kazi kinyume. Regyuleta yake ina kiwambo cha mpira kinachofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe. Injini ikivuta, gesi inapita. Injini ikiacha kuvuta, springi inakirudisha na njia inafungwa. Juu yake kuna koki inayojifunga swichi ikizimwa. Injini ikivuta sana inapata gesi nyingi, ikivuta kidogo inapata kidogo. Kwa hiyo kifaa hicho hicho kinatibu kosa la kwanza na la tatu. Hakuna namna ya kukibadilisha kwa regyuleta ya jiko, hata ukiikaza na kuilegeza mara ngapi.

Baiskeli ya namna ile hailali barabarani. Dar tunalala na vyombo vyetu ndani, kwa kuogopa wezi. Bodaboda inaingizwa sebuleni, baiskeli inaegemezwa ukutani karibu na godoro. Chukua chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10. Gesi hii inaanza kuwaka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa iliyomo. Ikisambaa chumba kizima, kilo moja inatosha kufikisha kiwango hicho. Lakini haisambai haraka hivyo. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu mpaka mbili, inalala sakafuni kama maji. Ukiichukua ile futi moja ya chini peke yake, gramu 120 hivi zinatosha, yaani sehemu 1 ya 50 ya mtungi wa kilo 6. Na futi moja ya chini ndipo alipolala mtoto.

Watasema gesi ina harufu. Ni kweli, huwekwa dawa ya kunuka makusudi, kwa kuwa yenyewe hainuki. Lakini harufu haimwamshi kila mtu aliyelala usingizi wa kuchoka, na aliyeko kitandani juu anaweza kuchelewa kuipata wakati chini imeshajaa.

Tulifanya jaribio la povu la kutafuta panapovuja na yule kijana, nje, chini ya mwarobaini, injini ikiwa baridi. Tulikoroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo, tukapaka kwa brashi kila kiungo, tukafungua mtungi. Kwenye regyuleta hapakuwa na kitu. Kwenye klampu iliyobana mpira karibu na kabureta, kipovu kimoja kilianza kama punje ya mtama, kikavimba, kikawa kama zabibu, kikapasuka, kingine kikaanza. Mpira ule aliufunga asubuhi hiyo hiyo na klampu ilikuwa imekazwa kwa bisibisi. Kilichoilegeza ni mtikisiko tu. Mpira wa jiko umetengenezwa kukaa umetulia nyuma ya meza, haukutengenezwa kukaa karibu na eksozi, kupigwa jua na kurushwa kwenye mashimo ya Tandale.

Kuna wanaofikiria kulaza mtungi, au kupunguza uzito kwa kuhamishia gesi kwenye chupa ndogo. Vyote viwili naomba mviache. Mtungi wa jikoni ukilazwa unatoa kimiminika badala ya mvuke, na lita moja ya kimiminika hicho inakuwa karibu lita 270 za gesi. Chupa inayojazwa nyumbani haina anayepima nafasi: mtungi unatakiwa kubakiza karibu sehemu 1 ya 5 tupu ili kimiminika kipate pa kutanukia jua likiwaka. Chupa iliyojaa pomoni na kuachwa juani haina pa kupumulia.

Na faida yenyewe? Kilo 6 za gesi zina joto linalokaribiana na lita 8 na nusu za petroli. Gawanya pesa uliyojazia mtungi kwa 8.5, kisha linganisha na bei ya lita moja inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kijana wetu alipiga hesabu hiyo kwenye simu yake, kwa bei alizolipa mwenyewe, akairudia, akanyamaza. Hapo bado hajahesabu uzito wa chuma anachokibeba, wala pistoni.

Ushauri wangu, kama mtu ninayefundisha injini kila siku: usiweke mtungi wa jikoni kwenye baiskeli. Anayetaka kweli kujifunza mfumo huu aanze na injini ya mipigo minne iliyofungwa mezani, nje, penye upepo, akiwa na regyuleta inayofunguliwa na mvuto wa injini na fundi anayeijua. Mwenye bajaji au gari anayekimbia bei ya petroli aende kwenye karakana zinazofunga mifumo ya gesi asilia kihalali. Pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kazi hiyo inafanyika. Mwenye baiskeli ya injini atapata zaidi kwa kusafisha kabureta, kukaza mnyororo na kujaza upepo wa kutosha kuliko kwa mtungi.

Ile ya mikate tuliirudisha kwenye petroli tukabadilisha pistoni na ringi. Mtungi ulikuwa wa mama yake.

Kwa yule ambaye tayari ana chombo cha namna hii uani, afunge koki ya mtungi leo, aichomoe regyuleta kwenye mtungi, na mtungi usiingie tena chumbani ukiwa kwenye baiskeli. Ukishtuka usiku ukasikia harufu, usiwashe taa na usiizime iliyowaka, usichomoe chaja, usiwashe tochi wala kiberiti cha kutazamia. Toa watoto. Acha mlango wazi nyuma yako, na kama koki ya mtungi iko njiani, ifunge ukipita. Waamshe wapangaji wenzako kwa sauti na kwa kugonga milango, maana gesi inapita chini ya mlango kwenda kwao. Kisha piga 114, Zimamoto, ukiwa umeshafika nje mbali na nyumba, kwa kuwa simu nayo haitakiwi kuguswa ndani.