Kazi ya kike, kazi ya kiume: ya vijiweni na ya kweli

Kaa kijiweni chochote Dar, hukosi mtu wa kukugawia kazi kwa jinsia kana kwamba mpaka huo uliwekwa na Mungu. Mpaka unahama, na mara nyingi unafuata pesa.

Dhana: Kazi za ndani ni za kike tangu enzi.
Si kwa Dar. Wakati wa Mwingereza, mpishi, dobi na boi wa nyumba za Oysterbay walikuwa wanaume, tena watu wazima wenye wake na watoto. Mji ulijaa wanaume waliofuata mshahara, na kodi ya kichwa ilikuwa inawasubiri. Baada ya Uhuru, viwanda na ofisi zikawavuta. Kazi za ndani, kwa ujira wake mdogo, zikaangukia wasichana wa mikoani. Anayedai mwanaume hawezi kupika na kufua kwa mshahara akamuulize babu yake.

Dhana: Urembo ni wa wanawake.
Pita Kariakoo mchana. Kijana ana kikapu cha rangi za kucha, beseni na jiwe la kusugulia kisigino. Mteja kakalia stuli ya kuazima, mguu wake uko juu ya goti la kijana. Na rasta? Wasukaji wa Kimasai wana wateja wao wa kudumu, na ujuzi huo hawakuuokota mjini: kwao morani husukana wenyewe kwa wenyewe. Kina dada wanaosubiri zamu hawaulizi jinsia, wanauliza bei.

Dhana: Mume analisha, mke anasaidia.
Miaka ya 1980 mshahara haukufika hata katikati ya mwezi. Wake za makarani na wa wafanyakazi wa viwandani wakauza maandazi, vitumbua na barafu, wengine wakafuga kuku uani. Hela hiyo ndiyo iliyonunua unga. Hadi leo watu wanaiita kusaidia!

Dhana: Siku hizi milango yote iko wazi.
Benki ya NMB inaongozwa na Ruth Zaipuna tangu 2020, sawa. Lakini mwanamke akishika usukani wa daladala, abiria bado wanageuza shingo.

Dhana: Mwajiri anaweza kumwachisha kazi mjamzito.
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito. Inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Baba inampa siku 3, na hapo sheria yenyewe imeshaamua nani atabaki na mtoto.