Rifandi yako ya kodi imenasa kituo gani?

Kila ikifika Julai, kusi ishashika, mahoteli ya Watamu na Casuarina nusu yamefungwa, ndio dawati langu la kodi hapa kwenye sacco Malindi hujaa watu wenye swali moja tu la rifandi, yaani kodi iliozidi ya kurudishiwa, "nilifaili ritani, mfumo ukanionesha nina pesa zangu za kurudishiwa, mbona haziji?" Na wengi huja na jibu lao mkononi, ati serikali ishakula. Mimi ni mhasibu, kazi yangu kwa wanachama ni haya mahesabu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na niwaambie tu, mara nyingi nikifungua leja ya mtu, ile rekodi ya kodi zake kwa KRA, nakuta pesa hazijaliwa, zimenasa mahali. Ukitumiwa mzigo na basi kutoka Mombasa kuja Lamu usipofika humrukii dereva, unapiga simu unauliza, umetoka? umepita Malindi? uko Witu? ama ushashushwa Mokowe unangoja boti? Kila kituo kina mtu wake wa kuulizwa, na ukimuuliza wa Witu mzigo ulioko Mokowe mtagombana bure.

Sasa kwanza tujue hio pesa inatoka wapi, manake wengine hawaamini ni haki yao. Kodi ya mapato Kenya huhesabiwa kwa mwaka mzima, Januari hadi Disemba, lakini bosi anakukata kila mwezi kama kwamba utafanya kazi miezi yote 12. Mfano dada wa hoteli, tangu Januari kafanya kazi miezi 5, na kwa kila mwezi mshahara wake unaotozwa kodi ni 60,000. Kwa viwango vya PAYE, ile kodi ya mshahara anayokata bosi, 24,000 ya kwanza asilimia 10, 8,333 inayofuata asilimia 25, iliobaki asilimia 30, utoe ile nafuu ya kila mtu ya 2,400, anakatwa kama 10,383 kwa mwezi. Mara tano ni 51,900 na kitu. Hoteli ikafunga, akakaa nyumbani mpaka mwaka ukaisha. Kwa hesabu ya mwaka basi kapata 300,000 tu, 288,000 ya kwanza ni asilimia 10, hizo 12,000 za juu asilimia 25, jumla 31,800, toa nafuu ya mwaka 28,800, alichotakiwa kulipa ni 3,000. Yaani kakatwa karibu 48,900 zaidi. Hio si sadaka wala bahati nasibu, ni jasho lake, na wenzake tele hapa pwani hawajui hata kama wanadai.

Wako na wengine. Mwenye bima ya maisha ambae hakumpa mwajiri cheti, na nafuu yake ni asilimia 15 ya anacholipa, mwisho 60,000 kwa mwaka. Mwenye ulemavu alieshapata cheti cha msamaha, ambapo 150,000 ya kwanza ya kila mwezi haiguswi, lakini mhasibu wa kampuni akaendelea kumkata kwa mazoea. Na wale wa kazi za ushauri wanaokatwa asilimia 5 kila wakilipwa.

Lakini kama ulifanya kazi mwaka mzima kwa bosi mmoja, huna bima, huna cheti, hukubadilisha chochote, halafu mfumo unakwambia unadai elfu arobaini, shuku vidole vyako kwanza. Sifuri moja imeongezeka, ama makato ya pensheni umeyaandika mara mbili. Ritani kama hio ikiombewa rifandi hurudi na maswali, na hapo mwenyewe unaanza kusema umecheleweshwa.

Kituo cha kwanza, na hiki ndio huwa kinaniumiza kichwa zaidi: hukuomba. Kufaili ritani ni kusema "hesabu yangu ni hii". Ile namba ilio na alama ya kutoa mbele yake kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ni habari tu, haikutumii pesa. Lazima uingie kwenye menyu ya rifandi, ujaze ombi, uambatanishe P9, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato, na vyeti vyako, upate risiti ya ombi yenye namba. Mzee mmoja alikaa miaka mitatu akingoja, kila mwaka anafaili vizuri kabisa kabla ya tarehe 30 Juni, na hajawahi kubonyeza ombi hata siku moja. Alipoambiwa alinyamaza kidogo akasema, "kumbe nilikuwa nangoja basi nyumbani kwangu." Na sheria inakupa miaka 5 tangu ulipe hio kodi, ikipita hio huna tena cha kuomba, kwa hivo usiseme ntaomba ntaomba.

Kituo cha pili ni imeli. Hebu jiulize, PIN yako, ile namba ya mlipa kodi, ulifunguliwa na nani? Kama ni kijana wa saiba pale sokoni, kuna uwezekano mkubwa imeli ilioandikwa ni yake, ama aliitengeneza siku ile na paswadi akasahau yeye mwenyewe. Sasa ofisa akishika ombi lako akaona kuna kitu hakieleweki, hakupigii simu, anatuma barua kwa ile imeli anakuomba peislipu, anakupa siku kadhaa, zikipita kimya anakataa ombi ama analiweka pembeni. Wewe uko Shela unasema wamenyamaza, kumbe wameandika mara mbili na barua ziko kwa mtu alieshahamia Garsen! Kwa hivo kabla ya lolote badilisha imeli na namba ya simu iwe yako. Huwezi kuingia kabisa? Nenda ofisi ya KRA ama dawati lao la Huduma Centre na kitambulisho chako halisi, si kopi.

Cha tatu kinahitaji subira kidogo, ni mwajiri. P9 ni karatasi anayokupa bosi kusema nilimlipa huyu kiasi hiki na nikamkata hiki. Lakini KRA hawaangalii P9 peke yake, wanaangalia kama huyo bosi alikutaja kwenye ritani yake ya PAYE, ile anayotakiwa kuipeleka na kuilipa ikifika tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Zikipishana ombi linasimama hapo hapo. Na zinapishana kwa mambo madogo sana, PIN yako iliandikwa herufi ya mwisho tofauti, ama Machi na Aprili bosi hakupeleka kwa sababu wageni walikuwa hakuna, ama hoteli ilibadilisha wenyewe katikati ya msimu na kampuni mpya haijui habari za zamani. Hapa ofisa wa KRA hata ukimlilia hana la kufanya, anaekutoa hapo ni mwajiri, arekebishe ritani yake ya ile miezi. Mwandikie barua, taja miezi na namba, weka kopi. Kama amefunga ameondoka zake Ulaya, kusanya ushahidi wako mwenyewe, peislipu za kila mwezi, barua ya kazi, karatasi za benki zinazoonesha mshahara ukiingia baada ya makato, upeleke vyote pamoja na ombi. Kila msimu ukiisha chukua P9 yako siku ile ile unaporudisha yunifomu, usiseme ntaifuata Januari, Januari utakuta askari wa getini peke yake.

Wale wa asilimia 5 shida yao inafanana na hio. Alieshikilia pesa yako ndie anaetakiwa kuipeleka, na akishapeleka cheti hutokea kwenye iTax chenye PIN yako. Barua ya mradi iliosema "tulikata" si cheti. Ndugu yangu mmoja wa Lamu alifanya utafiti wa uvuvi kwa miradi mitatu, vyeti vikatoka viwili, akadai vitatu, ombi lote likangojea kile kimoja. Nikamwambia dai vilivyopo kwanza, hicho cha tatu kifukuzie polepole, muda wa miaka 5 bado upo.

Madeni nipite haraka. Kama uliwahi kusajili biashara, hata kibanda cha mahamri, ukawekewa wajibu wa kufaili halafu ukasahau, kila ritani usiofaili ina faini yake. Ritani ya kawaida ya mtu binafsi ikichelewa ni 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile kubwa kati ya hizo. Miaka minne ya kusahau ni 8,000, na rifandi yako italipa deni kabla ya kukufikia wewe. Angalia leja, faili zilizobaki, na ule wajibu usiouhitaji uombe utolewe.

Benki sasa, na hapa niseme yangu. Mimi mhasibu, mwenye kufundisha watu, rifandi yangu ilikaa zaidi ya mwaka kwa sababu nilijaza akaunti nilioifunga mwenyewe! Pesa ilitoka ikarudi, nami nazunguka nikilaumu watu. Akaunti iwe hai na iwe kwa jina lako kama lilivyo kwenye PIN. Hili huwapata sana kina mama, kitambulisho kina jina la baba na babu, benki waliandika jina la mume, mfumo unaona ni watu wawili. Akaunti ya mume haifai, ya mtoto haifai, hata kama nyumbani mnakula sahani moja.

Ukivuka vyote hivo ukaambiwa ombi limekubaliwa, bado kuna kivuko. Kukubaliwa si kulipwa. KRA wanaidhinisha lakini fungu la kulipia rifandi linatoka Hazina ya Taifa, na likitoka dogo foleni inakuwa ndefu, wenye madai makubwa ya makampuni nao wamo humo humo. Hapa sina dawa ya kukupa, na anaekuuzia dawa ya hapa anakuibia. Unachoweza ni kuomba hio pesa ihesabiwe kwenye kodi yako ya mbele badala ya kulipwa taslimu, ambayo kwa mwenye biashara ya nyumba za wageni ni nafuu nzuri. Kwa mwajiriwa anaekatwa na bosi haimsaidii sana.

Muda nao uujue ili usipige kelele kabla ya wakati. Ofisi ilikuwa na siku 90 kuamua ombi, Sheria ya Fedha ya 2025 ikasogeza mpaka 120, na wakiamua kukagua hesabu zako ni 180. Hesabu kuanzia tarehe ya risiti ya ombi, si siku uliofaili ritani. Zikipita, andika barua fupi, namba ya ombi, tarehe, kiasi, na swali moja: limenasa wapi na mnataka nini kwangu. Usieleze shida za karo. Ukikataliwa una siku 30 tu za kupinga rasmi, na mbele yake kuna Tribuno ya Rufaa za Kodi, kwa hivo ile barua ya kukataliwa usiiweke kwenye droo ukisubiri hasira ipoe. Na kama hakuna anaejibu kabisa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi ya ofisi yoyote ya umma, bila malipo.

Kuna kina fulani wanazunguka kwenye magrupu ya simu, "nipe PIN na paswadi yako, rifandi wiki mbili, nakata asilimia 20." Huyo hana mlango wa siri, anachofanya ni kukuandikia makato ambayo hukukatwa, na ikigundulika aliesaini ritani ni wewe. Meseji yenye linki ya kusema rifandi yako iko tayari bonyeza hapa, futa.

Basi ukija kwangu njoo na P9 zako zote za ile miaka, kitambulisho, karatasi ya benki yenye jina lako, na simu yenye bando, manake wifi yetu hapa ikifika saa nne asubuhi huwa ishalala. Wa Lamu msivuke maji bure, tumeni kwanza picha ya leja nikuambieni kama safari inahitajika.