Je, wajua kirusi cha farasi hupitishaje RNA nzima kwenye lango la seli?

Pange aliyetoka kunyonya damu ya farasi mgonjwa akimng'ata farasi mzima, anaweza kumwambukiza ugonjwa wa upungufu wa damu ambao mnyama huyo hatapona maisha yake yote. Homa humpanda, humwacha, kisha humrudia. Mwaka 1904 Wafaransa Vallée na Carré walionyesha kwamba kinachouleta hupenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Leo tunajua ni lentivirusi, jamaa ya VVU na ya kirusi walicho nacho simba wengi wa Serengeti. Jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ina herufi 8,200 hivi tu, fupi kabisa kwa ukoo huo.

Wengi hudhani kirusi kikishapachika jeni zake kwenye DNA ya seli, yamekwisha: seli imetekwa, sasa itafyatua virusi vipya mfululizo. Kwa picha hiyo, jeni iitwayo rev huchukuliwa kuwa swichi ya kuwashia uzalishaji. Sivyo. Ukiiondoa rev, kirusi bado kinaweza kupachika jeni zake, na seli bado huzisoma na kuandika RNA yake, yaani nakala ya jeni hizo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. RNA hiyo imo ndani ya kiini. Hata hivyo hakuna kirusi kipya kinachozaliwa, kwa sababu protini za kujengea gamba hazitengenezwi. Rev haihusiki na kuandika RNA nyingi zaidi. Inahusika na ipi itoke nje ya kiini na ipi ibaki. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayoifanya jeni hii kuwa ya ajabu.

Kiini cha seli kina sheria kali. Kifananishe na karakana ya cherehani ambayo mlinzi wa lango ameagizwa asiruhusu jora zima kutoka: inayopita ni nguo iliyokwisha kukatwa na kushonwa. Sheria hiyo inaifaa seli, maana RNA ambayo haijakatwa na kuungwa sawasawa ingezaa protini mbovu. Lakini kirusi kinahitaji vyote viwili. Kinahitaji nguo chache, yaani RNA zilizokatwa kikamilifu, na kinahitaji jora lenyewe, kwani RNA nzima ndiyo inayosomwa kutengeneza gamba na vimeng'enya, na ndiyo inayofungashwa ndani ya kila kirusi kipya.

Basi mwanzoni hutoka nguo tu. Mojawapo ina maelekezo ya kutengeneza Rev. Protini hiyo huundwa nje ya kiini, kisha hurudi ndani. Kwa upande mmoja hulishika jora mahali maalumu. Kwa upande mwingine humshika CRM1, mchukuzi wa seli yenyewe ambaye siku zote hutoa mizigo mingine halali. Mlinzi humwona mchukuzi anayemfahamu, na jora linapita. Lango halikuvunjwa.

Kirusi cha farasi kina jambo jingine la kupendeza: Rev hujipunguza yenyewe. RNA inayobeba maelekezo yake huungwa kwa vipande vinne, na mwanzo wa Rev uko kwenye kipande cha tatu. Rev ikiwa nyingi, hukalia sehemu ileile ambayo vifaa vya seli huitumia kukitambua kipande hicho. Kipande cha tatu hurukwa, cha pili kinaunganishwa moja kwa moja na cha nne, na RNA inayotoka haiwezi tena kuzaa Rev.

Je, haya yanahusu homa inayokuja na kuondoka? Huenda. Watafiti walimwambukiza poni mmoja kwa makusudi wakafuatilia rev ndani yake, wakaona kwamba aina za Rev zilizotawala zilibadilika, na nguvu yake ya kutoa RNA ilikwenda sambamba na hatua za ugonjwa. Lakini poni mmoja ni ushahidi mdogo. Tena sehemu kubwa ya herufi za rev husomwa pia, kwa mpangilio mwingine, kutengeneza protini ya utando wa nje wa kirusi. Herufi moja ikibadilika, protini zote mbili zinaweza kubadilika kwa pamoja, kwa hiyo ni vigumu kusema ni ipi kati yake iliyoleta homa.